Kitanda Juu ya Kabini

Tulijua macho ya mama mkwe yamekwisha siku aliyonitazama usoni.

Tangu nimwoe binti yake hakuwahi kunitazama hata mara moja. Nikiingia uwanjani kwake Usinge aligeuza uso upande wa banda la tumbaku, akavuta kanga hadi kwenye paji, na salamu zetu zikapita ubavuni. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Mimi nikiamkia mti, yeye akiitikia ukuta. Ndiyo adabu ya mkwe, na sikuwahi kuilalamikia, maana mkwe asiyekutazama hajui shati lako ni lile lile la mwaka jana. Kisha siku moja nikashuka kwenye pikapu, nikaamkia mti wangu kama kawaida, nikasikia marahaba ikinijia moja kwa moja. Nilipogeuka, uso wake ulikuwa umenielekea wazi, macho yote mawili, kama mtu anayesubiri chenji. Mke wangu alikuwa nyuma yangu na mfuko wa sukari. Aliuweka chini akaanza kulia.

Mtoto wa jicho, walisema zahanati, kushoto na kulia. Kwa mtu mwingine ungekuwa msiba wa kawaida. Kwa mama mkwe ilikuwa kufukuzwa kazi. Kijiji kizima kilimjua kwa kuchambua majani ya tumbaku: jani la rangi ya limau hapa, la rangi ya chungwa pale, bila kusita. Sasa alichambua kwa kunusa na kupapasa, na wajukuu walikaa nyuma yake wakirudisha majani mahali pake kimya kimya. Walidhani hajui. Alijua. Ndiyo sababu aliacha kuimba wakati wa kuchambua.

Madaktari wa macho walikuwa wanakuja Tabora mjini kwa majuma matatu. Jicho la kwanza, wiki moja baadaye la pili, na katikati dawa za matone na kurudi kupimwa kila mara. Wasipomwahi safari hii, alisema daktari wa wilaya, hawezi kuahidi kitu safari ijayo. Maana yake mama mkwe alipaswa kulala Tabora usiku ishirini na moja. Nilihesabu mara mbili, ukabaki ishirini na moja.

Na hapo ndipo paa langu lilipoingia kwenye mambo ya macho. Nyumba yangu ina vyumba viwili na sebule, na vyote vitatu viko chini ya bati moja. Mama mkwe halali chini ya bati la mkwewe. Mchana anakaa, anakula upande wake, anasonya atakavyo. Jua likizama anatoka. Tulishajaribu gesti mara moja alipokuja kupimwa. Alimuuliza mhudumu kwa nini mlango wa chumba cha pili umefunguliwa mara tano mchana mmoja, hakupenda jibu, asubuhi akapanda gari kurudi kwake. Nilipendekeza kumpangishia chumba. Jibu lilikuja kupitia mke wangu, kama majibu yake yote: "Mwambie baba, kipofu akipangishiwa chumba peke yake ni kumrahisishia mwizi kazi." Na kwa majirani? Hajafikia kuwa mzigo wa watu asiojua ukoo wao.

Basi nilikuwa natafuta paa ambalo si langu, lililo uani kwangu, kwa bei ninayoweza kuitukana.

Nililipata kwenye gereji ya mtani wangu mmoja, Mzaramo aliyehamia Tabora zamani na kuapa kila mwaka kwamba anarudi pwani. Kilikuwa chumba kizima cha bati jeupe na vioo, kilichotengenezwa kukaa kwenye bodi ya pikapu kama mtoto mgongoni. Ndani kuna kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili, sinki ya kunawia uso mmoja na choo cha kumwaga. Kilikuwa cha Mzungu mmoja mzee na mkewe, waliofuata njia ya zamani ya misafara toka pwani hadi Ujiji. Babu zetu waliipita njia hiyo kwa miguu na meno ya tembo kichwani. Hawa waliipita na choo. Walifika Tabora, gari lao likafa, wakapanda ndege. Mtani akabaki na chumba, na kuku wake wakabaki nacho zaidi.

"Milioni sita," alisema.

"Pamoja na kuku?"

"Kuku ni wageni. Milioni sita, mtani, kwa sababu ni wewe. Ninyi Wanyamwezi mliumbwa kubeba. Babu yako alibeba ya Mwarabu, baba yako akabeba ya Mjerumani, wewe leo Mungu amekukumbuka unabeba nyumba."

"Na ninyi mkakaa pwani mkitungoja tuwaletee mle. Milioni moja na nusu, nawe ukifagie."

Uzuri wa kununua kwa mtani ni kwamba hakuna bei inayomkasirisha mtu. Tulitukanana kuanzia saa tatu hadi adhuhuri, tukanywa chai mara mbili, tukamtukana hadi bibi wa kila mmoja, na mwishowe tukashikana mikono kwenye milioni tatu na laki mbili. Katikati nilifanya kazi yangu. Nilipima upana wa bodi ya pikapu kwa futi mara mbili, nikapima chumba mara mbili. Nikasoma kibati cha uzito kilichogongomelewa mlangoni, na kwa kuwa siamini kibati, nikamlazimisha tukapime kwenye mizani ya magari ya mazao: pikapu tupu, kisha pikapu na chumba. Kilipungua kidogo kuliko kibati. Nikaomba laki moja ipungue kwa uzito uliopotea, mtani akacheka hadi akakaa chini, lakini hakupunguza. Nikahesabu vioo vinne, milango miwili, mafiga mawili, na matundu manne ya miguu ya kukisimamishia chumba kikishushwa. Nikahesabu tena. Vyote vilikuwepo.

Kabla ya kulipa nilimpigia simu shemeji, kaka wa mke wangu, anayesimamia mambo yote ya mama. Hakuuliza bei wala rangi.

"Paa la nani?" aliuliza.

"La mwenye risiti, shemeji."

"Basi risiti iandikwe dada yangu. Mama atalala chini ya paa la binti yake. Hilo halina neno."

Mtani aliandika jina la mke wangu huku kalamu inatetemeka kwa kicheko. "Unalipa wewe, mali ya mkeo. Mtani, babu yako angalau alijua mzigo si wake toka mwanzo."

Tangu wakati wa kupima kilikuwa kimeshainuliwa kwa winchi ya mnyororo ya gereji, kimekaa kwenye pikapu vizuri, nikaondoka nacho. Nilipofika nyumbani na kutaka kukishusha uani ndipo nilipogundua miguu ni miwili. Ya kulia ipo, ya kushoto hakuna. Nilirudi gereji moto moto.

"Ulihesabu nini ile mara mbili?" aliuliza mtani.

"Matundu."

"Matundu si yapo manne?"

"Yapo."

"Sasa unalalamika nini? Uliuziwa ulichohesabu."

Kama angenipunja nisichohesabu ningegombana naye. Nilichohesabu mwenyewe nitamdai nani? Miguu miwili ilikuwa imeshauzwa kwa mtu wa tangi la maji, na mtu huyo aliisimamishia tangi lake katika saruji.

Njiani kurudi nyumbani nikajifariji, na kujifariji kwangu ndiko kulikotuponza. Nilijiambia: kwa nini kishuke? Usiku kitakuwa nyumba ya mama uani, mchana atakaa sebuleni, na mimi nitaendesha pikapu sokoni na karanga zangu za biashara ndani ya chumba, mbali na mvua na wadokozi. Paa moja, faida mbili. Nilimweleza mke wangu mpango huo kwa fahari. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nyumba yangu itaenda sokoni kila siku?" aliuliza.

"Nyumba yako?"

Akanionyesha risiti.

Mama mkwe alipoambiwa kwa simu alisema ni vizuri, lakini hatakubali nyumba aliyosimuliwa. Aliwahi kukubali ng'ombe wa kusimuliwa, akaja na pembe moja. Kiletwe akipapase kwanza. Madaktari walikuwa wameshafika mjini, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya Jumatatu. Ijumaa asubuhi, mimi na mke wangu tukashika njia ya Urambo na Kaliua kumpelekea mgonjwa nyumba yake.

Nilikuwa nimekipima kikiwa kitupu. Ili kumpendeza mkwe nilijaza tangi la maji la chumba hadi shingoni, nikaweka mtungi wa gesi, godoro jipya zito, na gunia la mchele la kuagizia salamu. Matokeo yake pikapu ilikalia matako ikatazama mbinguni. Usukani ukawa mwepesi kama kijiko. Kila nilipokata kona magurudumu ya mbele yalifikiria kwanza. Mke wangu alishika dashibodi kwa mikono miwili na kuniuliza kama naona barabara. Nilimwambia naona mawingu, na barabara ninaikumbuka. Tulipofika kizuizi cha kwanza, askari wa usalama barabarani alizunguka gari mara tatu.

"Hii ni mzigo au ni nyumba?"

"Ni nyumba, afande, lakini kwa sasa ni mzigo."

"Mwenye nyumba nani?"

Mke wangu akainua mkono. Askari akamtazama, akanitazama mimi niliyeshika usukani, akatikisa kichwa kwa huruma ambayo sikuiomba. "Mwaga maji," alisema. "Unatembea na kisima." Tukamwaga maji pale kandoni, pikapu ikashusha pua, na safari ikawa ya kibinadamu.

Usinge walikuwa wanatungoja kama wanaongoja maiti au bibi arusi. Shemeji, shangazi yake mkubwa ambaye ndiye husema neno la mwisho katika ukoo ule, majirani, na wajukuu. Mama mkwe alishikwa mkono na mke wangu hadi mlangoni. Mimi nilisimama mbali, nikitazama banda la tumbaku kama inavyotakiwa.

Alikipapasa chote. Aligonga bati kwa kifundo cha kidole akasikiliza. Akafungua na kufunga kila mlango, akawasha jiko, akalizima, akanusa sinki. Choo alikiuliza maswali mengi na hakuamini majibu. Kwangu hakusema neno, lakini kwa kuwa desturi haimkatazi mtu kuzungumza na gari, alizungumza na gari. "Wewe gari, una joto, lakini umejengwa na mtu mwenye akili." Nilisimama wima zaidi. Kisha wakampandisha kitandani. Kitanda cha chumba kile hakiko chini. Kiko juu mbele, kimetokeza kama paji la uso, na unakipanda kwa ngazi fupi. Alijinyoosha. Tulisikia anashusha pumzi. Nikaona mke wangu anatabasamu kwa mara ya kwanza tangu siku ya sukari.

"Na hapa chini ya kitanda kuna nini?" sauti ya mama mkwe ilitoka ndani.

"Hakuna kitu, mama," alisema mke wangu. "Ni kabini ya gari."

"Kwenye kabini hukaa nani?"

Nilitazama paa la kabini, nikatazama kitanda kilicholala juu yake, na kwa mara ya kwanza nikaona kile nilichokuwa nimekipima mara mbili kwa futi: kiti changu, kichwa changu, shubiri moja ya hewa, bati, kisha mama mkwe.

Alishuka haraka kuliko alivyopanda.

"Nilale juu ya kichwa cha mkwe?"

"Mama, usiku gari litakuwa limesimama. Hatakuwemo ndani."

"Na mchana?"

Hapo mke wangu, ambaye hajui kusema uongo kwa mama yake, akaeleza mpango wa karanga. Kwamba kila asubuhi nyumba itaondoka na mimi. Kwamba kitanda cha mama kitazunguka Tabora mjini, sokoni, stesheni, na wapi tena, juu ya utosi wa mume wa binti yake, shuka zikiwa moto bado. Shangazi alishika kifua. Jirani mmoja alijifanya anakohoa. Shemeji akanitazama kwa jicho la mtu aliyegundua dada yake aliolewa na mhesabu matundu.

"Zaidi ya hapo," alisema shangazi, "si daktari amesema jicho likishapasuliwa alale chali atulie? Atalalaje kwenye nyumba inayokwenda kuuza karanga?"

Hilo nalo sikuwa nimelihesabu hata mara moja.

"Uza karanga kwa baiskeli basi," mke wangu aliniambia pembeni. "Pikapu isimame wiki tatu."

"Hata ikisimama," mama mkwe aliliambia gari, kwa sauti ya kutosha majirani, "nitajua yeye alipokaa na mimi ninapolala. Wewe gari unajua. Nitasikilizia macho haya hapa hapa nyumbani."

Akaingia ndani kwake akakaa na majani yake. Wajukuu wakakaa nyuma yake. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba yule mama yuko tayari kupofuka kwa sababu ya shubiri moja ya hewa, na kwamba shubiri hiyo nimeinunua mimi.

Aliyetuokoa ni shangazi. Aliuliza: gari na nyumba, haviwezi kutenganishwa? Nikaeleza habari ya miguu miwili, kwa aibu. Akauliza tena: lazima kikae mgongoni? Hakiwezi kufuata nyuma? Tukatazamana na shemeji. Jirani wa mama mkwe, mkulima wa tumbaku, alikuwa na tela la kubebea marobota hadi ghalani, limeegeshwa linaota majani. Shangazi akaweka sheria, nami naiandika kama alivyoisema: "Kati ya bati na bati pakipita kuku bila kuinama, hizo ni nyumba mbili. Hakuna wa kusema."

Mwenye tela alitaka tela lake lirudi na matairi mapya mawili. Nikamwambia moja. Akasema tela lina magurudumu mawili, moja litalia wivu. Kwa mara ya kwanza maishani nilikubali bei ya kwanza, maana Jumatatu ilikuwa inakuja na mama mkwe alikuwa ndani kimya. Fundi wa kuchomelea alitengeneza ndoano nyuma ya pikapu ili ishike mkono wa tela. Kuhamisha chumba, bila winchi na bila miguu, kulitaka watu. Walikuja kumi na wawili, wakapitisha miti miwili mirefu chini yake, wakakiinua mabegani. Mzee mmoja kati yao akauliza ni frasila ngapi. Nilipomtajia uzito wa mizani akapiga hesabu kwa midomo. "Babu zetu walibeba zaidi," alisema, "na nyumba ya mkwe hawakuitwa kuibeba." Walikishusha juu ya tela taratibu, kikakaa. Malipo yao yalikuwa lile gunia la mchele la salamu, na hivyo salamu zake zikafika kwa wengi.

Sasa sheria nyingine: hakuna mtu anayepanda ndani ya tela likitembea, na kabini ya pikapu yangu ni ya watu wawili, bega kwa bega. Mama mkwe hakai bega kwa bega nami. Basi Jumamosi yeye, mke wangu na shangazi wakapanda treni ya usiku kwenda Tabora, na mimi na shemeji tukaanza kuivuta kwa barabara nyumba isiyo na mtu.

Asiyewahi kuvuta tela nimwambie machache. Tela halina haraka unapokuwa nayo, na lina haraka unaposhika breki. Ukilitazama kwenye kioo linakutazama. Lori likikupita, linataka kwenda nalo. Nilijifunza kwenda mwendo wa mtu anayepeleka mayai, kuacha nafasi ya kusimama mara mbili ya ninayodhani inatosha, na kushuka kila mji kukagua ndoano na kamba. Shemeji alikagua baada yangu. Nikakagua baada yake. Kufika Urambo tulikuwa tumeikagua ndoano ile hadi watu wakadhani inauzwa.

Kizuizini tukamkuta askari yule yule.

"Nyumba imeshuka mgongoni," alisema.

"Imeshuka, afande."

"Mwenye nyumba yuko wapi?"

"Kwenye treni."

"Na anayekwenda kulala humu?"

"Naye yuko kwenye treni. Ni mama mkwe wangu."

Askari alifikiri. Aliupima kwa macho ule mkono wa tela, uwazi kati ya kabini na kitanda. "Mimi wa kwangu anakuja mwezi ujao," alisema taratibu. "Umeipata wapi hii?" Kisha akakumbuka kazi yake, akatuambia tufunge vioo vyekundu vya kuakisi nyuma, akasubiri tukavinunua dukani tukavifunga, akatuachia.

Tabora tulifika Jumapili mchana, wakati watu wanatoka kanisani na wana muda wa kutosha wa kutoa ushauri. Kuingiza tela uani kwa kinyumenyume ni elimu ya peke yake: unataka liende kulia unakata kushoto, na ukishaelewa hivyo linabadilisha dini. Uwanja wangu una upana wa nyumba na aibu kidogo. Mara ya kwanza niligonga mpapai. Mara ya pili niliugonga tena, kwa uhakika. Jirani mmoja aliita kulia, mwingine kushoto, wa tatu akasema ingekuwa rahisi kuhamisha nyumba yangu. Mama mkwe alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni kwa jirani, uso umeelekea kelele.

"Wewe tela," alisema, "sikiliza mkeo, usisikilize majirani." Sikujua mke wa tela ni nani, lakini mke wangu alikuja mbele, akainua mikono miwili, akaniongoza. Nikafuata mikono yake bila kubishana, tela likaingia.

Shangazi akaja na kuku. Alikuwa kuku wa jirani, mwekundu, mwenye dharau. Kati ya bati la nyumba yangu na bati la tela palibaki uwazi wa kama mkono mmoja. Alimweka kwenye ukingo wa ukuta, akatupa mahindi upande wa pili. Kuku akatazama mahindi. Akatutazama sisi. Akajikuna. Nikamwambia kimoyomoyo bei yoyote aitakayo. Kisha akapita kwa kuruka, kichwa wima, bila kuinama.

"Nyumba mbili," alisema shangazi, na mama mkwe akainuka, akashikwa mkono, akaenda kwake.

Jumatatu walimpasua jicho la kulia, wiki iliyofuata la kushoto. Karanga nilizipeleka sokoni kwa pikapu iliyofunguliwa kwenye tela, na jioni nilipita mbali na tela, nikiamkia mpapai uliobaki. "Shikamoo mama." "Marahaba baba." Ilitoka ndani ya bati jeupe, chali, kama daktari alivyotaka. Kuhusu macho hakusema lolote, na mke wangu alipomuuliza anaona nini alijibu "mwanga," kama mtu asiyetaka kutaja bei kabla mzigo haujafunguliwa. Mke wangu hakulala vizuri siku zile. Alikuwa anaingia kila saa kwenye nyumba yake.

Bandeji ya mwisho ilitolewa siku ya kumi na tisa, asubuhi, nikiwa sokoni. Nilirudi saa kumi alasiri. Nilifungua geti, nikamwona ameketi kwenye ngazi ya tela na sinia la karanga mapajani, anachambua: nyekundu huku, zilizofifia huku, zilizooza chini. Hakuna mjukuu nyuma yake. Geti likalia. Akainua uso.

Kisha akageuka. Alivuta kanga hadi kwenye paji, akaugeuza uso wote upande wa ukuta wa jirani, upesi, kama mtu aliyefumaniwa.

Nilisimama. Mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili, na safari hii sikutaka kuhesabu matundu. Nikatoka nje, nikafunga geti, nikangoja kidogo, nikalifungua tena.

Akageuka tena, kanga hadi kwenye paji. Mke wangu alikuwa amesimama mlangoni kwetu, mkono mdomoni.

"Tela," alisema mama mkwe kwa ukuta, "mwambie huyo mtu aamue. Anaingia au anatoka?"